Gurudumu Lililotutangulia Njia ya Kalehe

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na minne, dereva, baba wa watoto watano, mkaaji wa Nyalukemba hapa Bukavu. Wananiita Papa Olivier. Wanaonifahamu watashangaa kusoma haya, maana kwa watu nilisema ilikuwa ajali tu... Haikuwa ajali tu!

Mzungu mmoja aliyerudi kwao aliniuzia karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu mawili inayovutwa na gari, yenye kitanda na dirisha la pazia. Mtaa mzima ulinicheka. Lakini maharusi walianza kuikodi wavalie humo, na mimi nikavimba kichwa.

Mama yangu alivunjika nyonga. Hakuweza tena kukaa, alilala tu. Dada yake mkubwa aliishi Kalehe, na walikuwa hawajasemezana miaka tisa, tangu mama akose kwenda kwenye kilio cha shemeji yake, mume wa dada huyo. Siku moja Furaha, binti wa mama mkubwa, akapiga simu: mama yake amezidiwa, anamtaka mdogo wake.

Kwetu msamaha wa namna hiyo hauombwi kwa simu. Mnashikana mikono, mnakunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kikombe kimoja, mambo yanaisha. Mama akalia akisema lazima afike. Nani angemfikisha amelala? Mimi, na karavani yangu! Nilijiona mtoto wa maana kuliko wote.

Mchana ule nilikuwa nimetoka nayo arusini Mumosho, imejaa matope. Nikafanya kama tunavyofanya wote: moja kwa moja hadi ziwani, nikairudisha kinyumenyume mpaka maji yakafunika vitovu vya magurudumu. Fundi Murhula alikuwa pale. Akapiga kelele:

"Papa Olivier, iko moto bado! Maji itaingia kwa rulema. Mbele ya kutembea ufungue, utoe grisi yote, utie mupya. Ni kazi ya masaa mbili tu!"

Rulema ni vile vyuma vya mviringo ndani ya kitovu, vinavyofanya gurudumu lizunguke laini. Zikiingia maji zinakufa. Mimi nilijua! Dereva wa miaka ishirini asijue? Lakini marafiki walikuwa wananingoja kwenye bia... Nikaenda kwenye bia.

Asubuhi tukamlaza mama kitandani humo, mke wangu pembeni yake. Mama, ambaye aliambiwa habari ya fundi na majirani, akaniuliza: "Olivier, ile magurudumu ulifungua?"

"Ndiyo, maman. Yote iko sawa."

Nilimdanganya mama yangu mzazi, nikimtazama machoni.

Baada ya Kavumu nikasikia mlio, kama mtu anayesaga mahindi. Nikaongeza sauti ya redio. Ndiyo, msomaji, niliongeza redio! Tulipopita Katana ikaja harufu ya kuungua, halafu moshi. Kabla sijasimama, gurudumu likachomoka, likatupita, likaingia kwenye mihogo ya watu. Karavani ikaanguka upande. Mama akalia kwa maumivu, lakini yeye na mke wangu walikuwa wazima.

Nilipiga magoti barabarani. Rulema zilikuwa zimesagika unga, na chuma cha ekseli kimelika. Nilituma mtu wa pikipiki Katana, akarudi na rulema za magari ya huku. Hakuna hata moja iliyoingia. Gari la mizigo likasimama, tukajaribu kumwinua mama, akapiga yowe hadi dereva mwenyewe akasema tumwache. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa na gari zima la kuvuta, na sikuweza kumsogeza mama yangu hatua moja!

Saa tano Furaha akapiga tena. "Kaka Olivier, maman anasikia bado. Umupatie mama mudogo simu, waongee."

Mama akanyoosha mkono. Mimi nikaivuta simu. Nikamwambia, "Ngoja, maman, tunatengeneza. Utamushika mukono wewe mwenyewe." Kwa nini? Kwa sababu wakisemezana pale kando ya barabara, ingekuwa nimekiri nimeshindwa. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Saa nane wanaume wa kijiji walianza kutengeneza kipoyi cha miti na blanketi, kisha wakamlaza mama taratibu, wakamwinua mabegani. Watu wasiotujua, Mungu awabariki! Tulikuwa tumetembea kidogo sana simu ilipolia. Ilikuwa Furaha. Nilisikia vilio nyuma yake.

Mama aliusoma uso wangu. Akauliza kitu kimoja tu: "Aliniita?"

Nikasema ndiyo. Akageuza uso, akajifunika blanketi.

Ndugu zangu, mama hajawahi kunitukana. Afadhali angenitukana! Majirani wanamwambia gurudumu ni la mashetani. Nilimweleza ukweli wiki mbili baadaye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nimletee maji ya kunywa.

Ninyi mnaovuta remorke, yaani trela, msiizamishe majini ikiwa moto, na ikizama, fungueni kabla ya safari. Lakini zaidi ya hapo nawasihi: mkiulizwa kama kazi imefanyika na haijafanyika, semeni bado. Mama angenisubiri yale masaa mawili. Dada yake alikuwa hai mpaka saa tisa alasiri.