Nyumba Niliyoikataza Kuimba

Ta. Ta. Ta.

Ndivyo siku yetu inavyoanza. Kabla hakujapambazuka, mjukuu wangu Careen huvunja vijiti vya kuwashia moto. Huviweka gotini na kuvivunja kimoja kimoja. Mimi huwa macho tayari, lakini hubaki kitandani. Anapenda niamke nikute chai imeiva. Sijawahi kumwambia kwamba namsikia.

Tunaishi wawili tu, huku mlimani juu ya Suji. Mwaka jana tulikuwa watatu, mpaka mwezi wa nne.

Mama yake Careen, mwanangu Elinaza, alifia kwenye msaragambo. Msaragambo ni kazi yetu ya pamoja, kila nyumba hutoa mtu mmoja. Siku ile watu walikwenda kuzibua mfereji unaopeleka maji kwenye bwawa la kumwagilia mashamba. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha siku nne. Elinaza ndiye aliyeongoza nyimbo. Yeye anaimba, wenzake wanaitikia, majembe yanashuka pamoja. Udongo wa juu ukaporomoka. Wenzake waliruka. Yeye hakuwahi.

Careen alikuwa nyumbani na mimi. Tulikuwa tukisikia nyimbo kutoka ng'ambo ya bonde. Mvua ikaanza tena kugonga bati. Kisha nyimbo hazikusikika tena.

Baada ya mazishi nilisema, "Katika nyumba hii hakuna kuimba." Nikatoa betri kwenye redio. Nilidhani namkinga mtoto. Hata alipogonga debe la maji kwa vidole, nilimwambia, "Acha." Akaacha. Akaacha na mengine pia. Hakujibu tena maswali darasani. Mvua ikinyesha, aliziba masikio na kuinamia dawati.

Mwezi wa saba mwalimu mkuu aliniita.

"Bibi, mtihani wa darasa la nne ni mwezi wa kumi," alisema. "Careen sasa hajui hata jedwali la kuzidisha la tatu. Asipofaulu, atarudia darasa."

Njiani kurudi, Careen alinishika kanga.

"Bibi, mimi nisirudie. Afadhali nibaki nyumbani nikulimie."

 Mama yake aliishia darasa hilohilo la nne. Mimi ndiye niliyemtoa shule, anisaidie shamba. Sikutaka kufanya kosa hilo mara ya pili. Lakini sikujua nifanye nini.

Jumamosi mwalimu wa darasa lake alikuja kwetu. Anaitwa Yudith, ni mwenyeji wa Gonja. Amepanga chumba kwa jirani yetu wa chini ya mteremko, mzee Aminieli. Waliongozana wote wawili. Mwalimu alikuwa na mzigo wa kuni kichwani. Zilikuwa kuni zangu, nilizozitua kwenye mteremko baada ya kuchoka. Hakuna aliyemtuma azibebe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umejitesa na kuni zangu."

"Hazikuwa nzito."

"Zilikuwa nzito," alisema Aminieli. "Alipumzika mara tatu. Mimi nilimsaidia kuhesabu."

Mwalimu alicheka kidogo, akakaa. Careen alikuwa nyuma ya nyumba akiosha vyombo.

"Bibi, Careen si mzito wa kuelewa," alisema mwalimu. "Juzi nilimwona kisimani. Alikuwa akigonga ndoo kwa vidole. Saba, anapumzika. Saba tena, anapumzika. Alifanya hivyo mara nne bila kukosea. Aliponiona akaficha mkono. Nani alimfundisha?"

"Mama yake. Walikuwa wakihesabu kwa nyimbo za msaragambo."

"Basi tumfundishe kwa njia hiyo. Kwa nyimbo."

Moyo wangu ulikuwa mchungu. "Mwalimu, hapa pana msiba. Unataka tushangilie?"

 Mwalimu akaniuliza taratibu, "Siku ya mazishi hamkuimba, bibi?"

"Tuliimba."

"Mlikuwa mnashangilia?"



Aminieli alivua kofia. Yeye alikuwa kwenye mfereji siku ile. Ni mmoja wa waliomfukua Elinaza kwa mikono.

"Mama Elinaza," aliniambia, "tangu siku ile tunachimba kimya. Tulisema ni heshima kwa marehemu. Lakini kila mtu anasikia jembe lake mwenyewe tu. Kazi imekuwa nzito. Nadhani na huyu mtoto ni hivyo."

"Nitafanyaje?" nilimwuliza mwalimu. "Mimi nimesoma kidogo tu."

"Inatosha. Chukua wimbo ambao Careen anaujua. Weka ndani yake maneno ya somo. Uwe mfupi. Wewe uongoze, yeye aitikie. Hapohapo apange maharage mezani, saba saba. Asiimbe tu kama kasuku, aone saba tatu ni kitu gani. Mwisho aseme bila kuimba, kisha aandike. Kwenye mtihani haruhusiwi kuimba kwa sauti. Ataimba moyoni."

"Na masomo mengine?"

"Ni vilevile. Wa darasa la kwanza wanapiga makofi kwa kila silabi. Ma-ha-ra-ge, makofi manne. Kwenye maarifa ya jamii tunaimba majina ya wilaya tukielekea upande kila moja ilipo. Kwenye sayansi tunafumba macho na kusikiliza, sauti ipi iko karibu na ipi iko mbali. Lakini sauti zikizidi, mtoto anachoka. Lazima pawepo na kimya pia."

Jioni ile nilimwaga kikombe cha maharage mezani. Nilifungua kinywa, sauti ikagoma. Nilikuwa sijaimba kwa miezi mitatu. Careen alinitazama kwa hofu.

"Bibi, si umekataza?"

"Nilikataza. Nilikosea."

Nikaanza ule wimbo wa majembe. Nilipofika pale Elinaza alipozoea kuvuta sauti, nikalia. Aminieli, aliyekuwa amekuja kutujulia hali na kusimama mlangoni, akaupokea wimbo.

"Saba moja?"

Hakuna aliyeitikia.

"Sauti yako mbaya, babu," Careen alisema polepole.

"Mbaya sana. Inafukuza mbuzi. Basi nisaidie."

Hakuimba siku hiyo. Alipanga maharage na kugonga meza kwa kidole. Siku ya tano aliitikia kwa kunong'ona: saba, kumi na nne, ishirini na moja. Wiki ya tatu alinisahihisha mimi. Nilikuwa nimesema saba nane ni hamsini na nne.

Mwezi wa tisa mwalimu alituita wazazi na walezi tuone somo la sayansi. Somo lilikuwa mvua. Nilikaa nyuma, kwenye dawati dogo.

"Tutatengeneza mvua kwa mikono," alisema mwalimu.

Watoto walisugua viganja, ukawa upepo. Wakagonga madawati kwa kidole kimoja, kisha kwa vyote. Sauti ikakua. Careen akaziba masikio, akainama. Nilisimama kumwendea.

Mwalimu alikuwa ameshamwona. Aliinua mkono na darasa likanyamaza. Akachuchumaa kando ya dawati la Careen.

"Unataka kutoka nje?"

Careen alitikisa kichwa kukataa.

"Unataka uongoze wewe? Mkono wako ukipanda, mvua inaongezeka. Ukishuka, inaacha. Ukitaka isinyeshe kabisa, haitanyesha."

Careen alisimama mbele. Muda mrefu mkono wake ulikuwa chini, na watoto arobaini walimsubiri bila kucheka. Kisha akauinua kidogo. Mvua ndogo ikanyesha. Akaushusha, ikaacha. Alifanya hivyo mara nyingi. Mwalimu hakumharakisha.

Ndipo mwalimu akawafundisha wimbo wa tahadhari. Uliuliza na kujibu. Ardhi ikipasuka juu ya nyumba? Ondoka. Mti ukianza kuinama? Ondoka. Maji ya mfereji yakigeuka tope ghafla? Ondoka. Ukisikia mlima unanguruma? Usichukue kitu, ondoka.

Careen alinyoosha mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Mwalimu, mama angeusikia mlima?"

 Mimi nilishika dawati.

"Sijui, Careen," alisema mwalimu. "Siwezi kukudanganya. Huenda nyimbo ziliufunika mngurumo. Huenda haukunguruma. Ndiyo maana mvua ikinyesha sana watu wasichimbe chini ya mlima. Na wakichimba siku nyingine, mmoja asiimbe. Asimame pembeni, kazi yake iwe kutazama na kusikiliza tu."

Aminieli alipeleka maneno hayo kwenye mkutano wa kijiji. Sasa msaragambo una nyimbo tena, na una msikilizaji. Masika hatuchimbi chini ya mteremko ule. Haya yangefanyika mapema, ningekuwa na mwanangu. Nalikumbuka hilo kila siku.

Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza. Mwalimu Yudith alipanda mlima mwenyewe kutuletea. Careen alifaulu. Hisabati alipata C, sayansi B. Si alama za kutangaza, lakini harudii darasa. Alizisoma mwenyewe kwa sauti, mara mbili, kisha akaenda kuzionyesha kaburini.

Aliporudi mvua ilianza. Bati likalia juu yetu. Careen alisogea ukutani, akaziba masikio. Bado anaogopa. Nadhani ataogopa kwa muda mrefu.

 Mwalimu alisogeza kiti karibu naye, akaanza kugonga meza kwa kidole, polepole kuliko mvua. Mimi nikagonga pia. Baadaye Careen alitoa mkono mmoja sikioni na kuuweka mezani pamoja na yetu. Mkono mwingine ulibaki sikioni.

Tulikaa hivyo mpaka mvua ikapungua. Mwalimu akasimama, akafunga kanga yake kichwani. Njia ina utelezi, alitaka kushuka kabla ya giza.

Careen alimfuata mpaka mlangoni.

"Mwalimu," alisema, "ikinyesha tena, utakuja?"