Pumzi za Mzee Mhina

Katika Ukumbi wa Mwendo wa jiji la Muheza, watu kumi na wawili walikuwa wakitembea duara bila kusikika hata mguno. Kila mmoja alivaa mkandapumzi, pale ukumbini na hata nyumbani: utepe mpana wa nyuzi zenye akili, zinazosikiliza moyo na mapafu, zikikaza mbavu mtu anapotoa hewa na kuzilegeza anapovuta. Pumzi ikienda ovyo, mkanda ulimgonga mvaaji ubavuni, taratibu tu, kama mwalimu anavyomgusa mtoto anayesinzia chuoni. Naye alijirekebisha bila kuambiwa.

Hidaya Shemdoe, mtaalamu wa tibamazoezi aliyeubuni mkanda huo, alisimama mbele ya ubao wa nuru akitabasamu peke yake. Kipimo kilikuwa kilekile cha enzi za mabibi: mgonjwa atembee dakika sita, zihesabiwe mita. Mzee Mhina, aliyevunja kokoto miaka thelathini hadi vumbi likamla mapafu, alikuja mwezi wa pili akiweza mita mia na hamsini. Sasa ulikuwa mwezi wa sita, naye alifika mia nne na themanini. Nani asingevimba kichwa?

Aliupenda pia ule utulivu wa ukumbi. Aliudhani ni dalili ya afya.

Jumanne hiyo Mzee Mhina alifuatana na mkewe. Bi Kidawa alikaa kwenye benchi, akawatazama watembeaji kwa muda, kisha akauliza:

"Mwanangu, hawa wamegombana?"

"Hapana, bibi. Wanafanya mazoezi."

"Watu wote hawa, hakuna hata wa kumuuliza mwenzake kaamkaje?"

Hidaya akacheka. Bi Kidawa hakucheka.

"Mume wangu sasa anapanda mlima mpaka sokoni, sikufuru. Lakini mmenirudishia miguu, maneno mmebaki nayo. Nikisema naye, anaitikia kwa kichwa. Na Ijumaa tunamwoza mjukuu wetu, Mwanaisha. Baba yake alishakufa, walii wa kumwozesha ni huyu babu. Siku hiyo kaingoja tangu mtoto anatambaa. Jana kaniandikia kikaratasi: sheikh amwozeshe kwa niaba yake. Kaandika! Mtu tuliyekuwa tukimwambia apunguze domo!"

Hidaya alifungua kumbukumbu za mkanda akitafuta hitilafu. Hakuiona. Mkanda ulijifunza wenyewe, kwa amri moja aliyoupa siku ya kwanza: ongeza mita, na kila pumzi isiyoongeza mita ihesabiwe imepotea. Ulikuwa mwanafunzi mtiifu. Wiki ya kwanza tu uligundua kwamba anayeongea hupunguza mwendo, ukaanza kugonga. Salamu, ukagonga. Kicheko, ukagonga. Mwezi wa tatu Mzee Mhina aligongwa mara elfu nne kwa sababu ya maneno. Mwezi wa tano, mara kumi na moja.

Hidaya aliona haya. Akamfuata mzee.

"Babu, kwa nini hukuniambia?"

Mzee Mhina alifungua kinywa. Mkono wake ukaenda wenyewe ubavuni, ukatulia pale.

"Nilidhani," alisema, akavuta hewa, "ndiyo dawa."

Mwalimu wa Hidaya aliwahi kumfundisha kwamba mwendo unaomfaa mgonjwa wa moyo au mapafu ni ule anaoweza kuutembea huku anaongea. Alilijua hilo siku zote. Hakulitia ndani ya mkanda kwa kuwa halikuwa na namba.

Siku hiyohiyo aliifuta kazi ya kugonga katika mikanda yote. Alitembea na Mzee Mhina bega kwa bega, akimuuliza habari za nyumbani, za mashamba ya michungwa, za kila jirani mmojammoja, na hakukubali kujibiwa kwa kichwa. Mita zikaporomoka hadi mia tatu na kumi. Ubao ukawaka mwekundu siku tatu mfululizo. Na bado, kila mzee alipotaka kusema, mkono ulikimbilia ubavuni.

Ijumaa, Hidaya alikaa na wanawake chumba cha ndani, sikio likiwa ukutani. Upande wa pili sauti nyembamba ilianza:

"Nimekuozesha mjukuu wangu..."

Sauti ikakatika. Bi Kidawa alimkamata Hidaya kiganja, akakibana hasa. Walimsikia mzee akivuta hewa. Sheikh akanong'ona kitu.

"Niache," Mzee Mhina alisema. "...Mwanaisha... binti Saguti..." Akavuta tena, kwa muda mrefu zaidi. "...kwa mahari mliyokubaliana."

"Nimekubali!" bwana harusi aliitikia upesi, kama anayeogopa ataambiwa arudie.

Vigelegele vikapasua chumba. Katikati ya makelele hayo, bangili ya mawasiliano ya Hidaya ikatetema: ripoti ya mkanda wa Mzee Mhina. Kazi ya kugonga aliifuta, maneno ya ripoti akasahau kuyabadili. Aliisoma, akaanza kulia bila kujificha.

"Kinasemaje hicho?" Bi Kidawa aliuliza.

"Kinasema ndani ya dakika sita babu hakutembea hata mita moja, bibi. Na pumzi zake zote zimepotea."

"Basi zimepotelea pazuri," alisema Bi Kidawa, akapiga kigelegele kingine.