Mkono wa Kulia wa Baba

Kila jioni baba alirudi kutoka kiwandani akiwa na grisi hadi kwenye viwiko. Alinawa, akanywa chai kwa haraka, kisha akamwambia binti yake, "Haya Bingwa, twende ukanipige."

Bingwa lilikuwa jina la utani. Baba alimpa kwa sababu binti huyo alikuwa akimshinda kwenye mpira wa meza karibu kila siku, na binti mwenyewe alilivaa jina hilo kwa maringo.

Baba alikuwa fundi wa mashine za kuchapa vitabu. Likizo hii kiwanda cha nchi jirani kilimwita atengeneze mashine iliyogoma. Mama alikuwa na zamu za usiku hospitalini, kwa hiyo baba na binti wakavuka mpaka pamoja. Walipanga chumba katika nyumba ya wageni, na ukumbini, nyuma ya viti vilivyorundikwa, wakakuta meza ya mchezo waupendao. Siku za mwanzo zilikuwa raha tupu.

Kisha akaja Kicheko, mtoto wa mama mwenye nyumba, msichana wa rika la Bingwa asiyejua kukaa bila kucheka. Alisimama mlangoni akiwatazama, na baba akamwita, "Mwanangu, njoo nawe ushike raketi."

Mwanangu! Bingwa alijua kwamba watu wazima humwita hivyo mtoto yeyote, lakini siku hiyo neno lilimchoma. Tangu hapo kila jioni walikuwa watatu, na kila Kicheko alipocheka, Bingwa alinuna.

Jioni moja alipanda chumbani kuchukua maji ya kunywa. Aliporudi alisimama ghafla mlangoni. Baba alikuwa ameshika raketi kwa mkono wa kulia! Baba huandika kwa mkono wa kulia na hushika spana kwa mkono wa kulia, lakini raketi aliishika kwa kushoto siku zote, na Bingwa alidhani ndivyo alivyoumbwa. Sasa mpira ulikuwa unapita kasi hata kuuona shida. Kicheko alikuwa anapigwa vibaya, na bado anacheka.

"Baba Bingwa, tena! Ule wa mwisho sikuuona kabisa!"

Roho ilimuuma Bingwa. Kumbe baba ana mchezo mwingine, tena mzuri zaidi, na amemwekea mtoto wa watu!

Kesho yake alimkuta Kicheko akimsubiri ukumbini. "Leo hakuna mchezo," Bingwa alisema. "Baba anaumwa mgongo."

"Maskini! Unamuuma sana?"

"Sana. Hata kuinama hawezi."

Baba alipokuja na kumuuliza mwenzake yuko wapi, Bingwa alitunga uongo wa pili. "Amesema amechoka na mpira wa meza."

"Amechoka? Si jana alitaka tukeshe hapa?" Baba alishangaa, lakini akachukua raketi. Kwa mkono wa kushoto. Bingwa alishinda mara moja, akashinda tena, na safari hii ushindi haukuwa na ladha yoyote.

Mpira ukabingirika chini ya meza. Baba alikuwa ameinama kuutafuta wakati mlango ulipofunguliwa. Mama mwenye nyumba aliingia na beseni la maji ya moto na chupa ya dawa ya kuchua. Nyuma yake alikuja Kicheko amekumbatia mto.

"Baba Bingwa! Usiinuke kwa nguvu, utajivunja!"

"Nijivunje nini tena, mama?"

"Si mgongo wako!"

"Mgongo wangu?" Baba aliinuka akajishika kiuno. "Mgongo wangu mzima kabisa."

Wote wakamgeukia Bingwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Bingwa haikuvuka hata mlango wa ukumbi. Kwa mara ya kwanza, Kicheko hakuwa anacheka.

"Nilisema uongo," Bingwa alisema huku machozi yakimtoka. "Nilitaka tucheze wawili tu. Yeye unamchezea kwa mkono wa kulia, baba! Mimi hujanichezea hivyo hata siku moja!"

Baba aliketi kwenye kiti, akapangusa uso.

"Ulipoanza kucheza," alisema, "ukishindwa ulikuwa unatupa raketi na kukataa kula. Nikahamia mkono wa kushoto ili ushinde, ule, ulale. Nikazoea. Mwenzako nilimpiga kwa wa kulia kwa sababu hanuni."

"Kwa hiyo sijawahi kukushinda?"

"Wa kushoto umeushinda. Wa kulia bado."

Bingwa aliona haya. Alijifuta machozi, akamwendea Kicheko. "Nisamehe. Nilikuonea wivu."

"Mimi nilidhani baba yako anaumwa kweli, nikamsumbua mama achemshe maji," Kicheko alisema. "Ungeniambia tu kwamba unataka kucheza naye. Ningekaa pembeni niwahesabie pointi." Akautupa mto kitini.

"Sikilizeni," baba alisema. "Bingwa, wivu ulikuambia nimempa mwenzako kitu chako, nawe hukuniuliza, ukaenda kudanganya watu wawili. Na mimi nimekudanganya miaka yote, nikidhani ndiyo mapenzi. Usirudie, nami sirudii. Ukitaka kitu, sema ukweli ukiombe. Mtu akishinda kwa uongo, hajui hata alichoshinda."

"Basi naomba mkono wa kulia," Bingwa alisema.

Alipigwa vibaya. Vidole vilitaka kuitupa raketi, lakini akaishikilia. Karibu na mwisho mpira wake uligusa ukingo wa meza, na baba akaukosa. Baba alikuwa ameurukia kweli.

"Pointi yake!" Kicheko alipaza sauti kutoka kitini.

Hata baada ya kushindwa, Bingwa aliokota mpira akampa baba.

"Tena, baba. Na usinihurumie."