Usipepese

Bibi yangu, Bi Khole, hakunifokea. Aliuliza tu kidau cha wanja kiko wapi. Nikamjibu nimekisahau ofisini, juu ya meza, karibu na kompyuta. Akaweka kikombe chini.

"Nenda kakichukue sasa hivi, kabla ya giza. Kitu cha mama yangu hakilali na huyo anayekutesa."

Ulikuwa mwaka 1998. Nilikuwa mpigachapa katika ofisi ndogo mtaani Al Khuwair, kutwa nanakili hati, kutwa nakikodolea kioo cha kompyuta kinachotetemeka. Jioni macho yalichoma kama yametiwa mchanga, na kipandauso kikinishika juu ya nyusi kilishuka hadi shingoni. Daktari alinipima, akayaona macho mazima. Alisema watu wa kompyuta husahau kupepesa. Nipepese, nitazame mbali mara kwa mara, meza niigeuze kioo kisipigwe na mwanga wa dirisha.

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. "Miaka yote hiyo kasoma, kuja kukwambia upepese?" Dawa yake yeye ilikuwa wanja, ubani, na kumuuliza huyo anayenitesa anataka nini, apewe, aende zake.

Wanja niliubeba kumridhisha tu, sikuupaka. Na meza, mkubwa wetu Mutasim alikataa isogezwe.

Lakini hofu nilikuwa nayo. Aliyekalia kiti changu kabla yangu, Wadha, alianza hivihivi. Sasa alikuwa kwao Bawshar, chumbani, mapazia yamefungwa, hastahimili hata mwanga wa mshumaa. Mama yake alisema halali. Macho yake hayafumbi.

Sikutaka kuwa wa pili.

Kaka yangu Yaarub alinishusha mlangoni, akabaki garini na redio yake. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Nikapanda ngazi, nikafungua.

Taa zote zimezimwa... ila kompyuta yangu inawaka.

Niliizima mchana. Nakumbuka niliizima.

Ziiii... Mlio mwembamba, ule unaousikia ndani ya meno. Harufu ya vumbi lililoungua, na chini yake harufu nyingine, kama nywele zilizoguswa na moto. Kidau kilikuwa palepale. Ningekichukua nikaondoka. Nikaketi niizime kwanza, na kipandauso kikanishukia papo hapo, kama mkono.

Nikabonyeza kitufe. Kioo kikawa cheusi.

Mlio haukukoma.

Kwa mwanga wa barabara kuu uliopenya dirishani niliuona uso wangu kiooni. Na nyuma ya bega langu, uso mwingine.

Macho mekundu. Makavu. Wazi.

Sikugeuka. Nilikodoa, maana hofu haijui kingine, na kila nilivyokodoa uso ule ulisogea. Ulipofika kwenye shavu langu nikaujua.

Wadha.

"Usipepese," akanong'ona.

Nikakumbuka maneno ya Bibi. Sauti ilinitoka kwa shida. "Unataka nini?"

"Usipepese tu... Nitazame."

Hapo hasira ikanipanda, ikaipita hofu. Hicho ndicho nilichokuwa nikikitoa kutwa, siku baada ya siku, katika kiti hiki, bila hata kuombwa.

"Sikupi," nikasema.

Nikafumba.

Joto likanipumulia usoni. Kisha vidole... vyembamba, vikavu kama karatasi. Vikazitafuta kope zangu. Vikaanza kuzifunua, polepole, kwa upole wa mtu anayemenya yai.

Nikapapasa meza, nikakipata kidau. Wanja haupakwi kwa jicho lililokodoa. Unaweka kijiti, unafumba, unavuta. Bibi alinifunza hivyo ningali mdogo. Nikakipenyeza kijiti, nikabana, nikavuta. Jicho la kulia. La kushoto. Machozi yakabubujika, yakauosha mchanga wote.

"Macho yangu," nikasema. "Nafumba nikitaka."

Vidole vikaachia.

Mlio ukakoma.

Nilipofumbua, chumba kilikuwa kitupu, na chini Yaarub alikuwa akipiga honi.

Nyumbani Bibi aliuliza nimempa nini. Nikamwambia sikumpa kitu. Alikipokea kidau, akakifuta.

"Basi hajenda zake, mjukuu wangu."

Asubuhi mama yake Wadha alipiga simu ofisini, analia na kucheka. Mwanawe alilala tangu magharibi ya jana, usingizi mzito. Alipoamka aliomba mapazia yafunguliwe. Kisha alimuuliza mama yake: nani amempaka wanja?

Nikashusha simu. Nikaisukuma meza mwenyewe, miguu yake ikilia sakafuni, mpaka dirisha likawa ubavuni mwangu na milima ikaonekana. Mutasim alikuja kuuliza nimepewa ruhusa na nani. Nikamwambia akitaka kunifukuza, anifukuze nikiwa naona. Akageuka, akaenda zake.

Sasa hupiga chapa mistari kadhaa, nikatazama milima, nikarudi. Kipandauso kimepungua. Wanja napaka kila siku.

Ila jioni, nikishaizima kompyuta, uso wangu ulio kiooni hupepesa baada yangu. Si sana. Kidogo tu... umechelewa.

Sikimbii. Naketi, napepesa tena, taratibu, kwa makusudi. Namngoja mpaka naye afumbe.