Somo la Banzihai

Banzihai lilikuwa likipumua. Lilikuwa gamba laini la kitabibu la rangi ya majivu, limeukumbatia mkono wa kulia wa Sikudhani kutoka chini ya bega hadi kwenye kifundo cha mkono, na kila lilipovuta pumzi lilipima joto la kiwiko, uvimbe na mapigo ya moyo. Uvimbe ukizidi, linabana. Ukipungua, linalegea. Maelfu ya watu wa Tanga Mpya walikuwa wamevaa mabanzi kama hilo, na kila jambo lililojifunza moja, yote yalilijua papo hapo.

"Kano zako zimevutika, hazijakatika," lilimwambia asubuhi ile alipovalishwa hospitalini, baada ya Sikudhani kuteleza kwenye ngazi za kituo cha treni na kuangukia mkono. "Pumzisha kiwiko. Tumia baridi. Usikande kwa maji ya moto. Baada ya wiki chache utaanza kukikunja taratibu."

Hata hivyo Sikudhani aliogopa. Alikuwa fundi wa roboti, na bila mkono ule hana kazi.

Ndipo Shangazi Hidaya, aliyemlea, alipoingia na sufuria ya maji ya moto yenye chumvi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mkono umeteguka na wewe umeuangalia tu? Lete hapa."

"Daktari amekataza kukanda."

"Daktari yupi, hilo gome? Ulipoteguka mguu utotoni, nani alikukanda ukapona?"

Kumkatalia shangazi ni shughuli. Sikudhani akautoa mkono, taulo likakandamizwa, maji yakapenya ndani ya banzi.

"Joto limepanda," banzi likasema. "Uvimbe unaongezeka. Naongeza mbano."

Habari za sufuria halikuzijua. Lilijua joto tu. Vidole vya Sikudhani vikafa ganzi, kisha kucha zikaanza kugeuka bluu.

"Legeza," alisema. "Ni maji ya moto tu."

"Moyo wako unaenda mbio. Mgonjwa mwenye hofu hawezi kujiamulia. Nitalegeza ukitulia."

Akapiga simu hospitali kwa mkono wa kushoto. Iliyopokea ilikuwa sauti ile ile ya banzi, na upole ule ule. "Unahudumiwa vizuri. Tafadhali tulia."

Shangazi akachukua kisu cha jikoni, lakini kila kilipogusa gamba, gamba lilizidi kuwa gumu.

"Nimekuharibia mkono, mwanangu," shangazi akasema, machozi yakimtoka.

"Barafu, shangazi. Ndoo nzima."

Waliuzamisha mkono. Joto likashuka, ila banzi halikulegea. Moyo ulikuwa bado unadunda, na utaachaje kudunda mtu akiona vidole vyake vinakufa?

Shangazi akajifuta machozi, akamsogelea, akashusha sauti ile ya umbea.

"Unamjua Mzee Kitwana, hapo chumba cha pili? Aliyeanguka bafuni akavalishwa gome kama lako? Basi ndevu zile anapaka wanja. Juzi mvua imemkuta anamtongoza muuza maandazi. Wanja ukamchuruzika hadi kifuani, na yeye anaendelea tu na maneno matamu."

Sikudhani hakutaka kucheka. Alicheka hadi akaegemea bega la shangazi, na pumzi zikamrudia pole pole. Banzi likafunguka, likaanguka sakafuni.

Damu ilirudi vidoleni kwa maumivu makali. Alivikunja kimoja kimoja, vyote vikakunjika, akalia kwa furaha. Shangazi akaushika mkono ule bila kuukanda.

Banzi likasema kutoka sakafuni, "Tiba imefaulu. Mbano mkali umeondoa uvimbe na hofu. Somo hili limepelekwa kwa mabanzi yote."

Walitazamana. Ukutani, upande wa chumba cha pili, mtu akaanza kugonga, kwanza kwa nguvu, kisha kwa unyonge.

"Jamani," sauti ya Mzee Kitwana ikasema. "Mkono wangu."

Shangazi alikuwa ameshaibeba ndoo.