Zamu ya Ikirezi

Mimi si mtu wa kuogopa hovyo. Kila siku navuka mpaka na vitenge kichwani, na anayenisukuma kwenye foleni namjibu papo hapo. Lakini jioni ile...

Nilikuwa natoka Bukavu, miguu inaniwaka moto, nikapita Kamembe kumchukua binti yangu Ikirezi. Ana miaka tisa. Nilimwacha tangu saa nane kwenye makumbusho ya Mzee Wenceslas, vyumba viwili vya kompyuta na michezo ya zamani. Pale kila kitu kinaguswa, ndiyo maana alinililia wiki nzima nimpeleke.

Saa kumi na mbili wageni wengine walikuwa wameshaondoka. Kulinuka vumbi la mashine zilizopata moto. Na tumbaku ya kiko... Wenceslas ni Msabato, havuti.

Tik... tok... tik... tok...

Ikirezi alikuwa kwenye televisheni ya mwisho, ile yenye chogo, anacheza mchezo wa kijiti kinachogonga mpira mweupe ukutani.

"Ikirezi, twende!"

"Mama, sema polepole," akanong'ona. "Kuko muzee nyuma yako. Amesimama sana. Acha nimupishe."

Nikageuka.

Ukuta mtupu.

Kabla sijafungua mdomo, akainuka kitini. Maneti, kile kishikio cha kuchezea, akakishika kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha kuwapa wakubwa kitu. Akainama kidogo.

"Shika, muzee. Ikala ku kiti."

Akaachilia.

Maneti haikuanguka.

Tik... tok...

"Yesu wangu!" Nilipiga ukelele mpaka Wenceslas akaja mbio. Akaona maneti inaelea juu ya kiti. Akang'oa waya ukutani. Televisheni ikaendelea kuwaka.

"Alimupatia mwenyewe?" akaninong'oneza. "Na mikono mbili?"

"Alimupatia nani? Sema, Mzee!"

"Hii mashini niliitoa Bukavu, kwa familia moja. Baba yao alikuwa anaomba kucheza kila mangaribi, bajukuu banamukatalia. Akafia ku kiti, anangojea zamu. Balinielezea, mimi nikacheka."

Ikirezi alikuwa ameketi sakafuni kando ya kiti, mikono mapajani, macho kwenye mpira. Nilimbeba nikatoka naye. Tulipovuka tu mlango, pumzi yake ikakatika. Nikamrudisha ndani, ikarudi. Nilijaribu mara tatu. Mara ya tatu ilichelewa sana, na tangu hapo sithubutu tena.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Pasta ameomba hadi sauti imemkauka. Daktari alimpima akasema haoni ugonjwa. Mganga mmoja kutoka Mururu alifika mlangoni, akanusa ile tumbaku, akageuka akaenda zake bila kuniaga. Maneti tumeivuta wanaume kwa wanawake, haitoki. Wenceslas anasema mchezo utaisha siku yule mzee atakapokosa mpira.

Hajakosa hata mara moja.

Mwanangu anameza vijiko viwili vya uji kwa siku. Mkono wake nauzungushia vidole viwili tu, vinakutana.

Jana nilipiga magoti, nikamwambia sikioni: "Mutoto wangu, muambie akurudishie. Ni zamu yako. Muambie!"

Akageuka. Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu jioni ile. Jamani, nilifurahi! Nilidhani amerudi.

"Mama," akanong'ona, kwa mshangao kabisa, "mutoto anaweza kumuinua muzee ku kiti?"

Aliwahi kuniuliza hivyo mwaka jana, kanisani, na nilimjibu kwa kofi.

Leo nimemwambia mara mia kwamba mimi ndiye niliyekosea. Ampokonye. Amtukane. Amsukume aanguke, mimi mama yake nimemruhusu. Anatikisa kichwa tu. Shingo yake imekuwa nyembamba sana.