Mgeni wa Nyabondo

Ugali ulikuwa umemegwa kabla mtu yeyote hajanawa mikono. Tonge zima, tonge la mtu asiye na haya, lilikuwa limetoka upande wa Walter, na alama za vidole zilibaki pale, ndefu kupita vidole vya binadamu.

"Mwalimu, bwana," Opiyo akasema, "hata ng'ombe hungoja wenzake wafike mtoni."

Walter akaapa kwamba hakugusa kitu. Wakamcheka mpaka wakapaliwa na moshi.

Ilikuwa Agosti ya 1987, shule zimefungwa. Marafiki hawa watatu wa Kisumu walikuwa wameendesha baiskeli mpaka Katito, kisha wakazisukuma kupanda mlima wa Nyabondo kwa jasho na matusi. Hemedi, fundi baiskeli wa Kibuye, ndiye aliyebuni safari. Opiyo alikuwa karani mwenye kitambi kilichofika kila kona kabla yake. Walter, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amemwacha nyumbani mkewe, Anyango, na mimba yao ya kwanza. Walipiga hema juu, ziwa likimetameta kule chini kama bati jipya, wakapasha moto ngege, samaki wa kukaanga waliowabeba kutoka Dunga.

Sasa, kosa lilitendeka wakati ugali unapakuliwa. Hemedi alilelewa Kaloleni na shangazi yake, Bi Zeituni, katika nyumba ambayo mtu hapiti mlangoni saa ya chakula bila kuitwa. Basi aliposikia hatua zikikwaruza majani nyuma ya mwamba, mdomo ukatangulia macho: "Karibu chakula." Hatua zikasimama. Hakutokea mtu. Walter, kwa mzaha, akasogea, akapangusa jiwe kwa kofia yake na kumwambia huyo mzee asiyeonekana aketi, asiogope, chakula kipo. Ikaja harufu ya shaba iliyolowa. Na Hemedi, kwa sababu ya kucheka, akasahau kusema Bismillahi.

Tonge la pili Walter alilifikisha mdomoni, akafunga meno juu ya hewa. La tatu vilevile. Opiyo akaacha mzaha, na Opiyo kuacha mzaha ni kama jogoo kuacha kuwika. Walikunja hema jua likiwa bado juu.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema. Lakini huyu utampa jembe alishike na nini?

Nyumbani Anyango alipika, sahani zikarudi safi, na mume akazidi kukonda. Akina mama wa kanisa waliomba mpaka sauti zikakauka. Hospitalini hawakuona ugonjwa. Walimtundikia chupa ya maji, chupa ikaisha, mishipa ikabaki mikavu. Alirudishwa nyumbani akiwa mwepesi kiasi cha kubebwa na mtu mmoja. Hemedi alikaa naye adhuhuri moja, mlango wazi, watoto wa jirani wakicheza nje, akamlisha uji kwa kijiko, na kila kijiko kilipokaribia midomo ile iliyopasuka alisikia, karibu kabisa na shavu la rafiki yake, mtu akimeza, polepole, kwa utulivu, kama mtu anayejua kwamba sufuria bado ina uji na mwenye nyumba ana adabu.

Anyango alimfuata mpaka uani.

"Shemeji, nilikupatia mume akiwa mzima," alisema kwa sauti ya chini. "Nirudishie."

Hemedi akakimbilia kwa shangazi yake. Bi Zeituni alikuwa amewasomea wengi wenye majini pale Kaloleni, lakini safari hii hakufungua kitabu wala kuwasha ubani. Aliuliza tu ni nani aliyetamka karibu. Alipoambiwa, akafumba macho.

"Walter alitoa kiti tu. Mwenyeji ni wewe. Huyo hafukuzwi kwa kisomo, baba, aliitwa. Msindikize kwao, umuage kwa heshima. Na akitaka kitu cha kwenda nacho, mpe kilicho chako. Usimpe cha mtu."

Asubuhi Hemedi alisimama kando ya kitanda cha Walter akasema, "Mzee, twende nikusindikize." Kitanda kikalia, kikainuka. Nje, keria ya baiskeli ikabonyea na gurudumu la nyuma likakaa kama lina magunia mawili ya mahindi. Alikanyaga pedali kupita Ahero, pumzi baridi ikimpiga kisogoni, mbwa wakijiingiza kwenye mitaro, na pale Katito wanawake wenye vikapu vya nyanya walitoka barabarani kumpisha bila kujua wanampisha nani, naye hakugeuka, hata aliposhuka kusukuma mlimani na kuhisi kwamba yule aliyekaa nyuma hakushuka.

Juu, keria ikaruka. Hemedi, machozi yakimtiririka, akashukuru kwa ugeni, akasema kwaheri, akanyoosha mkono wa kulia kama alivyofunzwa. Ukapokewa.

"Nimekula vizuri kwenu," sauti ikasema sikioni. "Huku nitakula na nani? Kule kuna mtoto anakuja."

Hemedi alijaribu kuuvuta mkono. Haukuja.

"Mtoto si wangu," akanong'ona. "Walter si wangu. Huu ulioushika ndio wangu. Kula nao."

Baridi ikapanda mpaka kiwikoni, ikatulia.

Adhuhuri hiyo Walter aliomba uji, akaumeza, akalia kwa jinsi ulivyokuwa mtamu. Alinenepa hata Opiyo akamwonea wivu. Hemedi alirudi na mkono wa kulia usiohisi moto wala nyundo. Anakula kwa kushoto, na Bi Zeituni, aliyekuwa akiwachapa watoto kwa kosa hilo, hutazama ukutani. Hemedi akila kwa Walter, Anyango humwekea sahani ndogo chini ya meza, upande wa mkono ule wa kulia. Huirudisha jikoni ikiwa safi.

Binti yao sasa anatembea, na anampenda Hemedi kuliko wageni wote. Akimkimbilia, Hemedi huukalia mkono wa kulia kwa uzito wake wote, akampakata kwa kushoto na kumchekesha, huku chini ya paja lake vidole vikijikunjua kimoja kimoja, vikitafuta pa kutokea.